Ringi Ngapi? Namna ya Kujua Saizi Sahihi ya Tairi la Gari

Ukiingia duka lolote la matairi pale Gerezani, Kariakoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Ringi ngapi?" Ukijibu "kumi na tano", muuzaji atanyoosha mkono na kukuonyesha ukuta mzima. Yote ni kumi na tano. Mengine membamba, mengine mapana, mengine yana ubavu mrefu kama buti la mvua, mengine ubavu mfupi kama ndala. Karibu yote yataingia kwenye rimu yako bila ugomvi, na hapo ndipo wengi wanapotoka dukani na kitu ambacho gari lao halikuomba.

Najua wewe msomaji huenda huna gari. Hata mimi natembelea daladala za Simu 2000 na kusimama mlangoni kama kila mtu. Lakini hapa chuoni tunao wenzetu wanaoendesha taksi za mtandaoni usiku ili ada iende, wapo wanaotumwa vipuri na wazazi kwa hoja moja tu kwamba "wewe si uko Dar?", na sote tunapanda magari ambayo hatujui yamevaa nini miguuni. Halafu kuna sisi wa ualimu wa hisabati na fizikia, ambao tunahangaika kila siku kutafuta mifano ya darasani wakati mfano mzuri kabisa umeegeshwa nje ya ofisi ya walimu.

Tuanze na maandishi yenyewe. Inama pembeni ya gari lolote dogo, soma ubavuni mwa tairi. Utakuta kitu kama 195/65R15 91H.

Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi ubavu wa pili, likiwa limejazwa upepo. Siyo upana wa sehemu inayokanyaga lami, ingawa vitu hivyo viwili vinakaribiana. Inayofuata, 65, ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu siyo milimita. Ni asilimia. Inasema urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya ule upana. Kwa hiyo ubavu wa tairi hili ni milimita 126.75. Ukielewa hilo peke yake umeshawapita nusu ya wateja wa Gerezani, maana utaona kwamba tairi la 205/65 siyo tu pana kuliko la 195/65, ni refu pia. Asilimia ni ileile, ila ni asilimia ya kitu kikubwa zaidi.

Herufi R watu husema ni ya "ringi". Kuna jamaa wa fizikia, tena wa mwaka wa tatu, aliniambia kwa kujiamini kwamba ni nusu kipenyo. Siyo. Inaeleza jinsi nyuzi zilivyolazwa ndani ya mpira: zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine, badala ya kukatizana mshazari kama zamani. Michelin walisajili ubunifu huo mwaka 1946 na leo karibu kila gari dogo linautumia. Inayofuata, 15, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ndiyo, upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia, rimu kwa inchi, kwenye mstari mmoja. Ukiona mwanafunzi wako amechanganya vipimo kwenye mtihani, mhurumie, maana viwanda vikubwa vya dunia vinafanya hivyo kila siku. Michelin haohao miaka ya 1970 walijaribu kuleta rimu za milimita, za 365 na 390, kwa jina la TRX. Hazikuenea. Dunia ilibaki na inchi zake.

Mwisho kuna 91H. Watu wengi huiruka hii kabisa, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Hiyo 91 siyo kilo. Ni namba ya jedwali inayotaja mzigo ambao tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo wake kamili. Namba 84 ni kilo 500. Namba 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, na 94 ni kilo 670. Herufi inayofuata ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Utauliza, nani anakimbia 210 kwenye barabara zetu? Hakuna, au tuseme asiwepo. Lakini kasi maana yake ni joto, na herufi hiyo inakupa picha ya jinsi tairi linavyovumilia joto. Ukipewa chaguo la mzigo na la mwendo na fedha haitoshi, anza kulinda mzigo.

Sasa nieleze nilivyoingia kwenye mambo haya. Baba yangu yuko Morogoro, ana Noah ya zamani, ile iliyoagizwa Japani ikiwa tayari imetembea. Gari hilo ndilo linalolipa ada ya mdogo wangu na kujazia pale boom langu linapokomea. Siku za soko anapanda nalo hadi Nyandira, kule Mgeta, anashuka na kina mama wanne na matenga yao ya nyanya na kabichi. Anayeijua njia ile anajua: milima, kona, mawe, na upande mmoja bonde. Mwezi wa tatu alinipigia. "Mwanangu, matairi yamekwisha. Nenda Kariakoo uniulizie bei za ringi kumi na tano."

Nikamwamkia, kisha nikamwomba anisomee kilichoandikwa ubavuni. Akawasha tochi ya simu. "Mia na themanini na tano, sitini, R kumi na tano. Themanini na nne H." Nikamwambia, sasa baba fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya gari pale mlango unapofungia, kuna kibandiko. "Kimeandikwa Kijapani." Namba je? Kimya kidogo. "Kuna 195/65R15. Halafu 91S."

Hapo ndipo swali la ringi linapofikia mwisho wake. Matairi aliyokuwa nayo yalikuwa ringi kumi na tano. Kibandiko nacho kinasema ringi kumi na tano. Lakini kati ya 84 na 91 kuna tofauti ya kilo 115 kwa kila gurudumu. Aliyemuuzia gari, au aliyekuwa nalo kabla yake, alipata matairi ya bei nafuu yanayoingia kwenye rimu, akayafunga, maisha yakaendelea.

Baba alikuja juu kidogo. "Miaka miwili natembea nayo haya, mbona hayajapasuka?" Ni swali la haki, na sikutaka kumjibu kwa kumtisha. Nikamwomba tupige hesabu pamoja. Noah tupu ni kama tani moja na nusu. Weka dereva na kina mama wanne, tuseme kilo 65 kila mtu: 325. Weka matenga sita ya nyanya, kila moja tulikadirie kilo 40 tu: 240. Jumla kilo 2,065. Gawanya kwa nne unapata kilo 516 kwa kila gurudumu, na tairi lake limeandikwa kilo 500. Tena hiyo ni kama mzigo umekaa sawasawa, wakati matenga yote yako nyuma. Na ni kama gari limesimama mahali tambarare, wakati yeye yuko kwenye mteremko, anakata kona, anaingia shimoni. Akinyamaza kwenye simu baba yangu huwa anahesabu. Mwisho akasema, "Na hayo ya tisini na moja?" Kilo 615 mara nne ni 2,460. Mzigo uleule, na karibu kilo 400 zinabaki za akiba.

Hiyo akiba ndiyo watengenezaji wa gari walikuwa wameifikiria walipobandika kile kibandiko. Tairi lililozidiwa mzigo halipasuki siku hiyohiyo. Ubavu wake unajikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, joto linalegeza gundi kati ya mpira na nyuzi, na linaweza kutembea hivyo miezi mingi. Kisha siku moja ya jua kali, upepo ukiwa umepungua kidogo, linaachia.

Kwa hiyo saizi sahihi ya gari lako isome kwenye gari lenyewe, usiisome kwenye tairi ulilolikuta. Magari yanayotoka Japani huwa na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukikikosa hapo, fungua kifuniko cha tangi la mafuta, au angalia ukingo wa mlango wenyewe. Maelezo yatakuwa ya Kijapani lakini namba ni zetu sote. Kama kimebanduka au kimepakwa rangi na mnyoosha bodi, kitabu cha gari kinaweza kuwa kwenye droo ya dashibodi. Kama nacho hakipo, tafuta gari la aina hiyohiyo, mwaka uleule na injini ileile ambalo kibandiko chake kipo. Sisemi utafute gari linalofanana. Modeli moja huweza kutoka kiwandani na saizi mbili au tatu tofauti, kutegemea injini na rimu iliyokuja nayo, na "mbona ya jirani ni hivi" imeshawaponza wengi.

Kwenye kibandiko hichohicho utaona namba nyingine, mfano 220 na kando yake 2.2. Huo ni upepo. Mafundi wetu wengi wanatumia pauni, kwa hiyo ile 220 igawe kwa 6.9 utapata karibu 32. Hapa kuna jambo ambalo nimeshalisikia likibishaniwa gereji hadi sauti zinapanda: ubavuni mwa tairi kuna upepo wa juu kabisa umeandikwa, pengine pauni 44 au 51. Huo ni ukomo wa tairi, siyo upepo wa gari lako. Anayejaza kwa kufuata ubavu wa tairi anapata gari linalorukaruka na matairi yanayolika katikati. Na asubuhi ndiyo wakati wa kupima, kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto upepo hupanda na utaudhani umetosha.

Turudi kwenye umbo la tairi, kwa sababu hapa ndipo hisabati inapokuwa tamu. Kipenyo cha tairi zima ni rimu jumlisha mbavu mbili, wa juu na wa chini. Inchi 15 mara 25.4 ni milimita 381. Mbavu mbili za 126.75 ni 253.5. Jumla milimita 634.5. Fanya hivyohivyo kwa matairi aliyokuwa nayo baba, 185/60R15: asilimia 60 ya 185 ni 111, mara mbili ni 222, jumlisha 381, unapata 603. Limepungua kwa asilimia 5 hivi.

Asilimia 5 inaonekana ni kitu kidogo mpaka uanze kuifuata inakoenda. Gari halina macho. Linajua umbali kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, na tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile. Kila kilomita 100 za kweli, dashibodi ya baba ilikuwa inaandika 105. Alikuwa anasema gari lake halili mafuta. Kumbe sehemu ya sifa hiyo ilikuwa ya matairi. Alikuwa anamwaga oili kila kilomita 5,000 za dashibodi, ambazo barabarani ni kama 4,750. Spidi mita ikisema 80, alikuwa kwenye 76. Na kwa kuwa kipenyo kilipungua milimita 31.5, tumbo la gari lilishuka nusu ya hapo, karibu sentimita moja na nusu. Kwenye lami ya Msamvu hutaliona hilo. Kwenye mawe ya Mgeta unalisikia chini ya miguu.

Ukienda upande wa pili, wa kuvalisha matairi makubwa ili gari "lisimame", hesabu inageuka. Weka 205/70R15 kwenye gari lililoandikiwa 195/65R15. Kipenyo kinakuwa 668, zaidi ya asilimia 5 juu. Sasa spidi mita inasema 50 wewe uko karibu 53, pale palipo na kibao cha 50 na askari ameshika tochi. Kwa bahati nzuri spidi mita nyingi za kiwandani hutaja kasi kubwa kidogo kuliko iliyopo, kwa hiyo zinakufidia, ila hujui zinakufidia kiasi gani. Tairi nalo linaanza kukwaruza madigadi ukikata kona na abiria wamejaa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida, kama ni lazima ubadili saizi, ni kwamba kipenyo kipya kisitofautiane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3, na namba ya mzigo isishuke.

Wale wa rimu kubwa za mashauzi, hesabu yenu ni hii. Kutoka 195/65R15 unaweza kwenda 205/55R16: mbavu mbili ni 225.5, rimu ni 406.4, jumla 631.9. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia, spidi mita haitashtuka. Lakini kumbuka kilichotokea: inchi moja ya rimu imeliwa kutoka kwenye ubavu. Umepoteza milimita 14 za mto uliokuwa kati ya rimu na shimo. Kwa barabara ya Changanyikeni siku za mvua, mimi ningebaki na kumi na tano yangu. Na rimu mpya lazima ilingane na gari kwa idadi ya nati, umbali wa nati hadi nati, na upana wake; 195/65R15, kwa mfano, imetengenezwa kwa rimu yenye upana wa inchi 5.5 hadi 7.

Niliahidi kusema kuhusu darasa. Nikiwa TP nilipewa kidato cha kwanza, mada ya mzingo na eneo. Kitabuni kuna duara lenye kipenyo sentimita 14 ambalo halihusiani na kitu chochote duniani. Nikaomba gari la mwalimu mmoja lililokuwa na 195/65R15, nikawatoa nje. Wakasoma ubavu wa tairi wenyewe, wakatafuta asilimia, wakabadili inchi kuwa milimita, wakazidisha kwa pai: milimita 1,992, karibu mita mbili kasoro kidogo. Kisha tukapiga alama ya chaki kwenye tairi na chini, wakasukuma gari hadi alama ilipogusa ardhi tena, wakapima kwa futi kamba. Mita 1.94. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Mwalimu, pai imekosea." Tulitumia dakika ishirini kwenye hilo. Pai haikukosea. Tairi lililobeba gari limebonyea chini, siyo duara kamili, na linatembea kama duara dogo kidogo kuliko lile la kwenye karatasi. Somo lilipaswa kuwa la Kiingereza, na nitakuwa mkweli, kwa dakika hizo ishirini halikuwa.

Sasa Gerezani penyewe. Niliingia na kaka mmoja wa kozi yetu aliyenisindikiza, asiyejua gari hata la kuchora. Nikataja: "Naomba 195/65R15, mzigo 91, isipungue." Muuzaji akamgeukia yule kaka: "Bosi, ni ya gari gani?" Mdada mwenzangu ukienda huko jiandae na hilo, wewe rudia namba tu, namba hazina jinsia. Tulipoelewana akaniletea 185/65R15, namba 88. "Dada yangu, hii inaingia palepale na bei inashuka." Hakudanganya, inaingia. Hata kipenyo chake ni 621.5, ndani ya ile asilimia 3. Lakini kilo 560 siyo 615, na matenga ya nyanya hayajui punguzo la bei. Nikamrudishia.

Kisha akaniletea mtumba, meno marefu, safi kabisa, saizi sahihi. Hapa tafadhali tulia usome kila kitu. Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji ya Japani. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, na ukiuleta kwenye lami ya Dar ya mchana unalika haraka na kushika barabara vibaya. Magari mengi yanashuka bandarini yakiwa yamevaa hayohayo, na wenyewe wanashangaa matairi yenye meno mazuri hivyo kuisha kama kifutio. Mara nyingi herufi yake ya mwendo ni Q, kilomita 160, nayo ni dalili nyingine.

Tafuta pia maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande unaoutazama hazipo, geuza tairi, wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi husema tairi likifika miaka 10 liondolewe bila kujali meno yake, na mapema kabla ya hapo likaguliwe kila mwaka. Meno nayo yana alama: ndani ya mifereji kuna vijituta vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vijituta hivyo, tairi hilo ni kipara, hata kama fundi anasema "linasukuma mwezi".

Siyo kila chombo kinaandikwa kwa mtindo niliouelezea. Bajaji inaandikwa 4.00-8, yaani upana inchi 4, rimu inchi 8, na kistari kile kinakwambia nyuzi zimekatizana kwa mtindo wa zamani. Bodaboda utakuta 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Land Cruiser zile ngumu za shamba ni 7.50R16. Hiace utaona 195R15C, bila asilimia. Pale ubavu ni kama asilimia 80 hivi, na ile C ni ya magari ya mizigo. Nayo huwa na namba mbili za mzigo, kwa mfano 106/104, ya pili ikiwa ya gari lenye matairi pacha nyuma. Usimfungie Hiace tairi la gari dogo kwa sababu tu 195 na 15 zimefanana. Na lile tairi jembamba la spea lenye T mwanzoni ni la kukufikisha kwa fundi, kwa mwendo usiozidi 80, na linataka upepo wa pauni 60, karibu mara mbili ya mengine. Wengi huligundua limelala siku wanayolihitaji.

Baba hakuweza kununua manne kwa mkupuo. Matairi manne mapya ya Noah yanameza boom langu zima na kulamba sahani. Tulizungumza kuhusu kuanza na mawili. Kanuni ni kwamba matairi ya ekseli moja lazima yafanane, kulia na kushoto, saizi na aina. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne hata hilo halitoshi, yote manne yawe sawa, la sivyo gia za kati zinasagana bila kupumzika. Lake linavuta mbele tu, kwa hiyo ingewezekana kufunga mawili, lakini tofauti ya asilimia 5 kati ya mbele na nyuma ingeweza pia kuchanganya breki za ABS, ambazo nazo zinalinganisha mizunguko. Akachagua kusubiri. Wiki tatu alipanda Nyandira na kina mama wawili na matenga matatu badala ya wanne na sita. Mama mmoja alihama kabisa, akaenda kwa mwenye gari jingine anayepakia bila hesabu. Hajarudi hadi leo, na baba huwa anamtaja.

Matairi yalipotimia niliyapakia kwenye basi la Morogoro, na risiti nikaiandika saizi, namba ya mzigo na tarehe ya DOT ya kila moja. Fundi aliyafunga, akayapima mlingano, akaweka upepo wa kwenye kibandiko. Ukishafungiwa mapya, tembea kilomita 50 hadi 100 kisha rudi ukaziwe nati tena, kwa sababu rimu hujipanga upya na nati hulegea. Baba alirudi akiwa ametembea 80. Mbili zilikuwa zimeanza kuachia.